UZI: Taa inayojiwasha giza likiingia. Pima mwanga wa kwako kabla hujachagua rezista

FundiRedio_Arua
Wadau, salaam kutoka Arua. Vijana wengi wanaoanza mambo ya saketi huanzia kwa taa inayojiwasha jioni, na wengi huishia kwenye lalamiko lilelile: "Nimeunga kila kitu kama mchoro unavyosema, mbona taa haizimi mchana?" Ukikagua kazi ya kijana huyo unakuta waya ziko mahali pake. Shida ni rezista moja tu, ile iliyoandikwa 10k (yaani kiloomu 10), ambayo mchoraji aliichagua kwa LDR yake (kile kijicho kinachohisi mwanga), chumba chake na jioni ya kwao. Nataka tujenge saketi hii kwa kuipima, si kwa kunakili.

Vifaa ni vichache: LDR moja, transista moja (swichi inayoamriwa na umeme mdogo) ya aina ya NPN, BC547 inatosha, LED nyekundu, rezista kadhaa, bredibodi (ubao wa kuchomeka vifaa bila kulehemu), na mita. Mita ndiyo msisitize wazazi wawanunulie. Hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha, mradi inapima omu na volti. Asiye na mita asubiri kidogo au aazime kwa fundi wa jirani.

Umeme chukueni volti 5 kwenye chaja ya simu. Waya wa USB ulioharibika kichwa cha upande wa simu bado una kazi: ukate, menya, nyekundu kwa kawaida ni chanya na nyeusi ni hasi. Hakikisha kwa mita, maana nyaya za bei rahisi hazifuati rangi kila mara. Power bank nyingi hujizima zenyewe zikiona mkondo unaovutwa ni mdogo, na LED moja ni mzigo mdogo mno kwao. Usije ukadhani saketi imekufa.

Sasa LDR. Ni rezista ambayo ukinzani wake hushuka mwanga ukiongezeka. Uso wake una mstari unaojipindapinda, na kitu kinachofanya kazi pale ni kadmiamu salfaidi: mwanga ukiipiga, elektroni zinafunguliwa na mkondo unapata njia. Ile ya milimita 5 inayopatikana kwa wingi ni GL5528. Karatasi yake ya data inasema kwenye luksi 10 (luksi ni kipimo cha mwanga) ukinzani ni kati ya kiloomu 10 na 20, na gizani unafika megaomu 1. Tazameni hapo: 10 hadi 20. Mbili za pakiti moja zinaweza kutofautiana mara mbili na zote mtengenezaji akaziita nzima. Mchoro wa mtandaoni utajuaje wewe umepata ipi?

LDR haitoi volteji yoyote. Hubadilisha ukinzani tu, na transista haisomi ukinzani. Kwa hiyo tunaipanga mfululizo na rezista ya kawaida: rezista R kutoka chanya hadi katikati, LDR kutoka katikati hadi hasi. Volti 5 zinagawanyika kati yao, na mwenye ukinzani mkubwa anachukua sehemu kubwa. Volteji ya katikati ni 5 × LDR ÷ (LDR + R). Ile katikati ndiyo inaenda kwenye besi, mguu unaoiamuru transista; miguu mingine miwili, kolekta na emita, ndiyo njia ya mkondo wa LED. Mchana LDR ni ndogo, katikati panakaribia sifuri, transista imefunga. Giza likiingia LDR inapanda, katikati panapanda, na ikifika kama volti 0.65 transista inaanza kufungua. LED, pamoja na rezista yake ya omu 330, inakaa kati ya chanya na kolekta. Emita inaenda hasi.

Chukueni hiyo 0.65 mrudi nayo kwenye hesabu. Inatoka hivi: transista hufungua pale R inapokuwa takriban mara 6.7 ya LDR. Basi mwenye R ya 10k, taa yake inawaka LDR ikipita kiloomu 1.5. Ndani ya nyumba, hatua chache kutoka dirishani, saa saba mchana, GL5528 inapita hapo bila shida. Ndiyo maana haizimi! Saketi inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila imeambiwa kwamba sebule yenu ni usiku.

Dawa: jioni weka LDR pale itakapokaa, mita kwenye kipimo cha 200k, ungoje saa unayotaka taa iwake, usome. Ukisoma 15k, zidisha kwa 6.7, unapata 100k. Nunua hiyo.

Msisome haraka. LDR ina uzito fulani wa kuzoea giza: ikitoka kwenye jua, ukinzani wake unaendelea kupanda kwa sekunde kadhaa na zaidi. Iache itulie ndipo uandike.

BintiBusia
Kaka fundi, asante sana. Mimi niko S3 (sekondari mwaka wa tatu) hapa Busia, nimesoma ukinzani darasani lakini sijawahi kuelewa kugawa volteji kuna kazi gani. Nina maswali mawili. Kwanza, michoro mingine ina rezista nyingine kati ya katikati na besi, wewe hukuiweka. Pili, taa yangu inawaka gizani na kuzima mwangani, lakini inawaka kwa kufifia sana. Transista nimeing'oa kwenye redio ya babu iliyokufa, imeandikwa C1815.

FundiRedio_Arua
Dada yangu, umeuliza vizuri.

La kwanza. Kwa R ya 100k hakuna haja, kwa sababu mkondo wote wa kuingia besi unapita kwenye hiyo 100k na hauwezi kuzidi sehemu ndogo sana ya miliampia moja. Lakini ukibadilisha R na voliumu ya redio (rezista ya kuzungusha) ili urekebishe kwa mkono, siku utakapoizungusha hadi mwisho itakuwa sifuri, na besi itakutana na volti 5 uso kwa uso. Transista inaungua. Basi voliumu iwe na rezista ya 4.7k mbele yake siku zote.

La pili ni miguu. BC547, uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, ni kolekta, besi, emita kutoka kushoto. C1815 ni emita, kolekta, besi. Ukiiweka kwa mpangilio wa BC547, besi yenyewe inakosa mahali pake. Ukipata besi sawa lakini ukabadilisha kolekta na emita, transista bado itafanya kazi kidogo, kwa nguvu dhaifu, na hiyo huleta taa inayofifia. Nadhani ndipo ulipo.

Usiamini kumbukumbu ya mtu, hata yangu, kwa transista iliyong'olewa. Weka mita kwenye alama ya dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Tafuta mguu ambao ukiuwekea ncha nyekundu, nyeusi ukiigusisha kwenye kila mmoja wa miguu miwili iliyobaki, inasoma kati ya 0.6 na 0.7 pande zote mbili. Huo ndio besi, na transista ni NPN. Katika hiyo miwili, unaosoma juu kidogo ni emita. Tofauti ni ndogo, mita isome tarakimu tatu baada ya nukta.

Mstaafu_Bombo
Vijana, nafurahi kuona watu wanapima. Mimi nilikuwa mtu wa mawasiliano jeshini, redio na simu za waya, sasa nipo nyumbani Bombo.

Jambo hili la mwanga kubadilisha ukinzani halikugunduliwa na mtu aliyekuwa anatafuta taa. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith alikuwa anapima nyaya za telegrafu za chini ya bahari, akitumia vipande vya seleni kama rezista kubwa. Vipimo vikawa havitulii. Alipofuatilia akaona seleni ikipata mwanga inapitisha zaidi, ikifunikwa inapitisha kidogo. Angekuwa mvivu wa kuandika vipimo angelaumu kifaa na kwenda kulala.

Naongeza jambo la mahali petu. Hapa tuko karibu na mstari wa ikweta. Jua linazama wima, na kutoka machweo hadi giza la kuhitaji taa ni kama dakika ishirini tu. Huko Ulaya majira ya joto jioni inakokota sana. Kwa hiyo zile saketi zao zinazopepesa kwa muda mrefu wakati wa magharibi, kwetu tatizo hilo ni fupi. Chetu sisi ni mawingu. Mvua kubwa ikija saa tisa alasiri, mbingu inakuwa nyeusi, taa inawaka, inazima, inawaka. Fundi, waambie na hilo.

FundiRedio_Arua
Afande, hilo ni kweli kabisa, na linaonyesha kwa nini kipimo cha jioni peke yake hakitoshi. Pima pia siku ya mvua, mchana, pale wingu linapokuwa zito kuliko yote. Kama LDR inasoma 6k chini ya wingu na 15k magharibi, una nafasi ya kutosha: chagua R ya kuwasha kwenye 15k na wingu halitakusumbua. Kama vipimo hivyo viwili vinakaribiana, LDR imekaa vibaya, chini ya bati au nyuma ya ukuta. Isogeze ione anga wazi. Iangalie juu au upande usio na barabara, maana taa ya boda ikiimulika uso itaizima taa yako kila inapopita.

Na tafadhali, LED isiiangalie LDR. Ikiwaka inaimulika, LDR inadhani kumekucha, taa inazima, giza linarudi, inawaka tena. Matokeo ni taa inayotetemeka au inayoganda katikati, nusu imewaka. Visha LDR kimrija cheusi cha kufunika waya, urefu wa sentimita mbili hivi, ione upande mmoja tu. Utepe mweusi uliozungushwa nao unafaa.

KijanaMasaka
Naomba niulize bila ubishi. Taa za sola za bustani zinauzwa kila mahali, zinajiwasha zenyewe usiku. Kwa nini mtu asinunue hiyo tu? Na kama ni kujifunza, si bora Arduino (ule ubao mdogo unaoandikiwa programu) moja kwa moja?

FundiRedio_Arua
Kijana mwenzangu, kama unahitaji taa ya bustani leo jioni, nunua. Mimi nasema na anayetaka kujua ndani mna nini. Na Arduino ninaipenda, ila ukiipachika LDR kwenye mguu wake wa analogi, ule unaosoma volteji, bado utahitaji rezista ya pili kugawa volteji. Ni katikati ileile, hesabu ileile. Aliyeielewa kwa transista moja ataandika programu yake akijua namba inayopanda na kushuka kwenye skrini inatoka wapi. Asiyeielewa atabadilisha namba kwenye programu usiku kucha huku kosa liko kwenye rezista.

Mstaafu_Bombo
Hiyo taa ya bustani ikifa usiitupe. Ifungue. Nyingi hazina LDR kabisa! Paneli yenyewe ndiyo jicho: ikitoa volteji ni mchana, ikiacha ni usiku. Ndani mna kijichipu cha miguu minne, mara nyingi YX8018 au QX5252, kinachofanya kazi yote: kuchaji betri mchana, na usiku kupandisha volti 1.2 za betri hadi za kuwasha LED nyeupe. Kinachokufa kwa kawaida ni betri. Mwanafunzi akiweka betri nyingine ya aina hiyohiyo ana maabara mkononi.

MfugajiMukono
Jamani nimewasoma nyote. Mimi nafuga kuku wa mayai huku Mukono, nina sola ya volti 12 na taa za LED za volti 12 kwenye banda. Naambiwa kuku wa mayai wanahitaji mwanga wa saa kama 16 na jua letu linatoa 12 tu. Hii saketi itanisaidia? Transista hiyo ndogo itabeba taa sita?

FundiRedio_Arua
Mama, shikamoo. BC547 haitabeba. Mwisho wake ni miliampia 100, na ukikaribia hapo inachemka. Tena saketi ya transista moja inawasha polepole, giza likiongezeka na taa inaongezeka. Kwa LED moja hilo linapendeza, kwa mzigo mkubwa ni hatari, kwa sababu transista iliyofunguka nusu ndiyo inayopata joto kuliko zote. Wewe unahitaji kitu kinachoamua: imewaka au imezima, hakuna katikati.

Tumia chipu ya kulinganisha, LM393. Mguu mmoja wa kuingiza unapata volteji ya LDR, mwingine unapata kiwango unachokiweka kwa voliumu. Chipu inalinganisha na kutoa jibu. Mguu wake wa kutoa unaweza kuvuta kwenda hasi tu, hauwezi kusukuma kwenda chanya, kwa hiyo weka rezista ya 10k kutoka chanya hadi hapo, la sivyo utaona haifanyi lolote. Kisha jibu hilo lipeleke kwenye geti (mguu wa kuamuru) ya MOSFET, transista ya mizigo mikubwa, kama IRF540, ambayo kwa volti 12 za geti inafunguka vizuri na kubeba taa zako sita bila kuhangaika. Akipenda kutumia relei (swichi inayovutwa na koili ya sumaku) badala yake, fundi aweke dayodi ya 1N4007 juu ya koili, mstari wake mweupe upande wa chanya. Koili ikikatwa umeme hurudisha pigo la volteji linaloua transista.

Ili taa isipepese kwenye mpaka, rezista ya megaomu 1 kutoka mguu wa kutoa wa LM393 hadi mguu wake wa kuingiza wa chanya, na volteji ya LDR ifike kwenye mguu huo kupitia rezista ya 10k. Inaacha pengo dogo: ikishawaka, inahitaji mwanga zaidi kidogo ndipo izime.

Mambo ya umeme wa ukuta, volti 240, siyagusi hapa na nawaomba wanaoanza wasiyaguse. Anayetaka hayo amwite fundi mwenye kibali.

MfugajiMukono
Marahaba mwanangu. Basi taa ziwake magharibi zizime saa nne usiku?

FundiRedio_Arua
Hapo LDR peke yake haitoshi, mama. Inajua giza, haijui saa. Lakini kuna mpango mzuri zaidi kuliko huo. Taa zikizimwa ghafla usiku, kuku wanabaki gizani kabla hawajapanda vichanjani. Ongeza mwanga alfajiri badala ya jioni. Nunua kitaima cha volti 12 kiwashe saa tisa usiku, na LDR iwe ndiyo inayokata kukikucha. Kutoka saa tisa hadi machweo ya saa moja kasoro ni karibu saa 16, na jioni kuku wanaliona jua likififia taratibu, wanapanda wenyewe.

Kwa mpango huo kitaima na LDR vyote viwe vinakubali ndipo taa iwake: kitaima kipitishe umeme wa saketi nzima, basi. Na LDR ikae nje ya banda, si ndani, isije ikasomeshwa na taa zenyewe. Ifunike kwa plastiki angavu, vumbi la kuku litaiziba.

MfugajiMukono
Nimekuelewa vizuri sana. Nitamwonyesha kijana wangu haya maandishi.

BintiBusia
Kaka, nimerudi! Ulikuwa sawa kuhusu miguu, mita imenionyesha besi iko pembeni. Sasa taa inawaka vizuri zaidi. Nimepima LDR yangu dirishani saa moja kasoro dakika kumi, ikasoma 22k. Nikazidisha kwa 6.7 nikapata kama 147k, nikaweka 150k. Inawaka wakati ninaoutaka ila mwanga umepungua tena kidogo. Rezista imekuwa kubwa mno?

FundiRedio_Arua
Hongera sana, hesabu yako ni safi. Na jibu ni ndiyo. Kupitia 150k besi inapata mikroampia 29 hivi gizani. Transista ikikuza mkondo huo mara 200, kolekta inapata miliampia 6, na LED yako kwa rezista ya 330 ilitaka 9. Hujakosea popote, umefika mwisho wa uwezo wa transista moja.

Ongeza ya pili. Emita ya kwanza iingie kwenye besi ya pili, kolekta zote mbili ziungane, emita ya pili iende hasi. Ukuzaji wa moja unazidishwa na wa nyingine, kwa hiyo nguvu haitakuwa tatizo tena. Lakini sasa umeme lazima uvuke milango miwili, 0.65 mara mbili, yaani 1.3. Hesabu ya mara 6.7 inakufa. Rudia ile ya kugawa volteji kwa 1.3 utapata R ni takriban mara 2.85 ya LDR. Kwa 22k inakuja kama 63k. Ya karibu madukani ni 68k: buluu, kijivu, chungwa. Kama ina mistari mitano badala ya minne, usihangaike na rangi, ipime.

Jozi hiyo inakula volti kama 0.8 yenyewe ikiwa imefunguka, kwa hiyo shusha rezista ya LED hadi 220 ili mwanga ubaki palepale.

BintiBusia
Naanza sasa hivi. Na ile LDR ya kwanza niliivunja mguu, naitupa tu?

FundiRedio_Arua
Usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Kadmiamu ni sumu, na moshi wake ndio mbaya zaidi. Usiisage wala kuikwangua pia. Ukikuta mguu umebaki hata milimita mbili, lehemu waya juu yake, itaendelea kufanya kazi. Ukikosa, ifunge kwenye kavera (mfuko wa plastiki) uiweke na betri zilizokufa.

Mstaafu_Bombo
Binti, ukimaliza ya transista mbili, tuandikie vipimo vyako vya siku ya mvua pia. Nami nitapima ya hapa Bombo kesho alasiri tulinganishe.